Mtambo Uliomwogopa Kabiru

Nyumbani kwa Kabiru, pale Gilgil, kila kitu kimevaa. Makochi yamevaa, stuli zimevaa, redio imevaa, na televisheni ndiyo imevaa kuliko vyote: kitambaa cheupe cha kufumwa chenye maua pembeni, kilichopigwa wanga mpaka kinasimama chenyewe. Mgeni akibisha hodi, Wariara, mkewe, hakimbilii mlango. Hukimbilia televisheni kwanza, akaivua kitambaa, akaipangusa, akakificha kitambaa chumbani, ndipo akafungue. Kabiru amelalamika kuhusu vitambaa hivyo tangu walipooana, na hajawahi kusikilizwa.

"Siku moja utanifunika hata mimi," alimwambia.

"Wewe vumbi haiwezi kukaa," Wariara alimjibu. "Unaongea sana."

Hapo alisema kweli. Kabiru anaongea sana, na laiti angefunga mdomo siku moja tu ya mwezi wa Januari, yale yaliyomkuta Ndabibi yasingemkuta. Siku hizi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukiri hivyo, hata kabla hajaulizwa.

Kazi yake ni kutunza umeme wa minara ya simu, ile ambayo kila mtu huku kwetu huiita busta, kuanzia Gilgil mpaka ng'ambo ya Ziwa Naivasha. Si kazi ya kupanda juu. Wanaopanda juu ni vijana wenye mikanda na roho ngumu, na Kabiru huwatazama kutoka chini akiwa ameshika kofia. Kazi yake iko chini, ndani ya kijumba cha chuma, mahali penye kabati la rektifaya. Umeme unaokuja kwa nguzo ni wa kwenda na kurudi, na redio za simu hazitaki mambo ya kwenda na kurudi. Zinataka umeme unaoelekea upande mmoja, kama wa betri. Rektifaya ndizo zinazougeuza, kisha zinalisha redio na kuchaji betri kwa pamoja. Ni visanduku vizito vilivyopangwa kwenye kabati, kila kimoja kikiwa na feni usoni na taa ndogo. Kijani maana yake kazi inaendelea. Njano maana yake kimejizima ili kujilinda. Nyekundu maana yake kimekufa na kinangoja mazishi. Zikizima zote, betri hushika zamu kwa muda, na betri zikichoka, watu wa Ndabibi huanza kupanda vilimani wakiinua simu juu ya vichwa vyao na kumlaani mtu wasiyemjua jina.

Mtu huyo alikuwa Kabiru.

Shida ya Ndabibi ilianza mvua ilipoanza. Karibu kila siku, jua likishapanda, rektifaya zilikuwa zinazima, zinawaka kidogo, zinazima tena, na Celestine, msimamizi aliyekaa Nakuru mbele ya skrini zinazoonyesha minara yote, alikuwa akimpigia Kabiru simu. Kabiru alikuwa akiacha kila kitu, hata chakula, na kuelekea Ndabibi na pikapu ya kazi. Akifika kwenye kona ya josho la ng'ombe, alipiga honi ndefu ili mlinzi afungue geti. Akishafunguliwa, akiingia kwenye kijumba akiwa na mita na bisibisi, alikuta taa zote ni za kijani.

Mara ya kwanza alikuna kichwa. Mara ya pili alishuku umeme wa nguzo, akaupima, akaukuta sawa. Akabadilishana visanduku, hiki pale na kile hapa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kawaida: tatizo likikifuata kisanduku, kisanduku ndicho kibovu, na likibaki palepale, mahali pake ndipo pabovu. Tatizo halikukifuata kisanduku wala halikubaki mahali pake. Lilikuwa linaondoka Kabiru akija na kurudi Kabiru akiondoka.

Hapo mtu mwenye akili zake angekaa chini akajiuliza. Kabiru alivimba kichwa.

Alianza kwa mzaha, ofisini Nakuru. "Mimi sigusi kitu," aliwaambia wenzake. "Nikifika tu, zinawaka. Mitambo inanijua." Makhanu, fundi mwenzake wa upande wa Njoro, mtu wa maneno machache lakini yenye miiba, akaanza kumwita Pastor kwa sababu ya kuwekea mitambo mikono. Kabiru alilipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha. Baada ya muda mzaha ukaota mizizi. Akawa hata hatoi bisibisi mfukoni. Anaingia, anaweka kiganja juu ya kabati, anasikiliza mlio wa feni akiwa amefumba macho, anatingisha kichwa, anatoka. Makhanu alipojitolea kwenda Ndabibi badala yake aone kwa macho yake, Kabiru alikataa katakata, akisema mtambo ule ni mgumu na haujamzoea mtu mwingine.

Asidhaniwe kuwa hakufanya uchunguzi wowote. Alifanya, tena wa kutia aibu. Aliamini kwa muda kwamba pampu ya mkulima mmoja wa kabichi, inayovuta maji ya kunyunyizia mchana, ndiyo inayovuruga umeme. Akaenda shambani kwa mzee yule akiwa amevaa kofia ya kazi, akamhutubia kuhusu madhara ya kunywa umeme wa watu wote. Mzee wa watu alitishika, akawa ananyunyizia jioni kwenye baridi akiwa amejifunga blanketi. Rektifaya ziliendelea kuzima mchana kama kawaida.

Na kulikuwa na sensa ya joto. Ndani ya kabati kuna waya mdogo wenye kichwa kinachopima joto na kulipeleka kwenye skrini ya Celestine. Mwaka uliotangulia waya huo ulikuwa ukilia mara kwa mara, na Kabiru, kwa uamuzi wake mwenyewe, alitangaza kwamba ni mwongo akauchomoa. Ulikuwa umelala chini ya kabati tangu wakati huo, na yeye alikuwa ameshausahau.

Mlinzi wa busta ya Ndabibi aliitwa Rahab. Alikuwa amefanya kazi ya kukata maua upande wa Kamere kwa miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa, na kazi hii ya kulinda aliipata alipokuwa hana tena pa kwenda. Ilikuja na kibanda cha mabati kando ya ua, ambacho ndicho kilikuwa nyumba yake. Alifuga kuku wake hapo, alipanda sukuma wiki kando ya waya, na saa za mchana alikaa kwenye kiti mlangoni akifuma. Hakuelewa vinavyoendelea ndani ya kijumba na hakujifanya kuelewa, lakini hakuna busta iliyokuwa safi kama yake. Sakafu ilipigwa deki. Visanduku vya rektifaya vilipanguswa mpaka vinang'aa. Kabiru alikuwa akimsifu kila mara, naye alikuwa akimwita Injinia, cheo ambacho diploma ya Kabiru haikutosha kukibeba, lakini hakumsahihisha hata siku moja.

Jumatano moja Celestine alimpigia simu, na sauti yake haikuwa ya siku zote.

"Kabiru, nisikize vizuri. Rectifier haijui nani amefika gate. Ukifika zinawaka, ukitoka zinazima. Nimeangalia record ya hii site yote. Hiyo si fault, hiyo ni mtu."

"Mtu gani, madam?"

"Kuna mtu mwingine anakaa hapo zaidi ya huyo mama? Anacheza na breaker, anazima stima. Labda anapea majirani stima, labda ako na pasi huko ndani, mimi sijui. Akisikia uko njiani anarudisha. Nimeshaongea na yeye, Jumatatu arudishe key. Kuna kampuni ya ulinzi inachukua."

"Madam, Rahab hawezi. Huyo ni mama wa kanisa."

"Basi niletee sababu ingine kabla ya Ijumaa jioni. Na iwe sababu inaeleza kila kitu, mpaka kwa nini zinawaka ukifika. Story ya mikono sitaki kuisikia tena."

Simu ikakatika, na Kabiru akabaki ameishika. Aliona wazi aliyemfikisha Rahab pale. Nani aliyekuwa akitangaza Nakuru nzima kwamba akifika tu, zinawaka? Kila alipojipiga kifua, alikuwa akimwandikia mama yule barua ya kufukuzwa kazi bila kujua. Usiku huo Wariara alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Kesho yake, Alhamisi, alikuwa Kamere akifunga betri mpya wakati simu ilipolia. Ndabibi zilikuwa zimezima tena. Alirukia pikapu. Honi ya pikapu hiyo ilikuwa imekufa tangu jana yake jioni, na Kabiru, fundi wa umeme, alikuwa ameshamwambia kila aliyemuuliza kwamba ni fyuzi tu na angeishughulikia. Alipofika kwenye kona ya josho alibonyeza usukani kwa mazoea, na hakukutoka kitu. Akaendelea mpaka getini. Hakukuwa na mtu wa kumfungulia, kwa hiyo akatumia ufunguo wake.

Nyuma ya kibanda alisikia Rahab akiimba na maji yakimwagika kwenye beseni. Mlangoni mwa kibanda kulikuwa na gunia limefungwa kamba, sufuria zimechungulia kwa juu, na kuku wawili wamefungwa miguu pamoja kando yake. Kabiru aliyatazama hayo, kisha akafungua mlango wa kijumba.

Kabati la rektifaya lilikuwa limevaa.

Lilikuwa limevaa kitambaa cheupe cha kufumwa, kikubwa, chenye waridi kwenye pembe zote na ukingo uliochongoka kama keki ya harusi. Kilikuwa kimepigwa wanga asubuhi hiyo hiyo. Harufu yake bado ilikuwapo. Kwa ndani kilikuwa kimeshonewa lining ya nailoni ili vumbi lisipenye kwenye matundu. Na feni, ambazo kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele, zilikuwa zimekivuta kitambaa kikang'ang'ania nyuso za visanduku, pua zote zimezibwa barabara. Kupitia waridi mojawapo Kabiru aliona mwanga hafifu. Ulikuwa wa njano.

Alikishika kwa ncha za vidole akakiinua. Joto lililompiga usoni lilikuwa la mtu aliyefunua sufuria ya githeri. Akasubiri. Hewa ilipoingia, feni moja ikakohoa ikazunguka, ikafuata nyingine, na taa zikaanza kubadilika, njano ikawa kijani, kijani, kijani, bila yeye kuweka kiganja mahali popote wala kufumba macho.

Alifundishwa chuoni kwamba kosa usiloweza kulirudisha kwa mkono wako bado hujalipata. Basi akakirudisha kitambaa mahali pake kwa adabu, akanyoosha ukingo, akakipiga picha kwa simu, akaketi juu ya kasha tupu la betri akangoja. Nje jua la adhuhuri lilikuwa likipiga mabati. Alikaa pale akitokwa na jasho, na kadiri alivyokaa ndivyo mambo yalivyozidi kumjia, na hakuna hata moja lililomjia kwa upole. Alikumbuka usiku, ambapo shida haikuwahi kutokea, kwa sababu baridi ya Ndabibi ilitosha kuupoza hata mtambo uliojifunika gubigubi. Alimkumbuka mzee wa kabichi na blanketi lake. Alikumbuka waya wa sensa, akainama akauona chini ya kabati, umejikunja kwenye vumbi, ule ambao ungesema kweli tangu siku ya kwanza kama asingeuchomoa. Taa zikageuka njano moja baada ya nyingine, na Kabiru, badala ya kusikitika, akajikuta anacheka peke yake kama mwehu.

Rahab alimkuta hivyo. Alisimama mlangoni na mikono yenye povu, akaangalia kitambaa, akamwangalia Kabiru, na uso ukamshuka.

"Injinia, umekuja bila honi?"

"Imeharibika, mathe."

"Sasa umeipata hivi." Alikuwa na aibu ya kweli, ya mwenye nyumba aliyekutwa na mgeni kabla hajafagia. Aliingia haraka, akakivua kitambaa, akakikunja mara nne kifuani. "Nilikuwa nakuja kuitoa. Nikiskia honi huwa natoa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Naitoa, napanguza, naficha kwa nyumba. Mgeni ataingia apate TV imefunikwa?"

Kabiru alikuwa tayari anajua jibu la swali lililofuata, na alitamani sana lisiwe lile. "Na nani alikwambia uifunike?"

Rahab alimtazama kama anayetaniwa. "Si ni wewe, Injinia. Mwezi wa kwanza, hiyo upepo ilikuwa inapeperusha mashamba yote. Ulisimama hapo hapo. Ukasema, mathe, vumbi ya Ndabibi ndio adui yangu, hii mashini uiangalie kama TV ya sitting room. Mimi nikaiangalia nikaona, hii TV haina hata leso. Nikaweka leso, ikawa inaanguka. Nikasema hapana, wacha nishone kitu ya heshima. Nilimaliza mvua ikianza."

Alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyosimama, mguu mmoja juu ya kasha, akijisikia mhadhiri. Hakuwa amemaanisha kitu. Alikuwa anaongea tu.

"Na leo," alisema, "leo umeipiga na wanga?"

"Nimeambiwa Jumatatu nirudishe ufunguo," Rahab alisema. "Madam amesema nimekuwa nikicheza na stima. Nikasema sawa, lakini watakuja wapate kila kitu safi."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo lilimuuma Kabiru zaidi. Mama huyu alikuwa amefungasha sufuria zake, kisha akaketi kufua na kupiga wanga kitambaa cha mashini iliyokuwa inamfukuzisha.

Kabiru alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha pikapu ili apige simu, na kabla ya kupiga alijaribu kutafuta mlango wa nyuma. Angeweza kusema amekuta nati imelegea akaikaza. Fundi mmoja kati ya wawili husema hivyo akishindwa, na hakuna anayemuuliza. Yeye angebaki Pastor, na rektifaya zisingezima tena. Lakini nati iliyolegea haijui nani yuko getini. Celestine angemuuliza hilo hilo, na Jumatatu Rahab angekuwa barabarani na kuku wake. Angeweza kusema mlinzi alifunika mtambo kwa kutojua, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli, nusu itakayomwacha mama bila kazi kwa sababu nyingine. Aliigeuza huku na huku, na kila alipoigeuza ilirudi palepale: sababu iliyoeleza kila kitu ilikuwa moja tu, na yeye alikuwa amesimama katikati yake. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Umepata?" Celestine aliuliza.

"Nimepata, madam. Rectifiers zilikuwa zinashindwa kupumua. Zimefunikwa mbele na kitambaa, feni zinakivuta, joto linapanda, zinajizima. Nimejaribu mara mbili. Nimekutumia picha."

Celestine alikuwa anafungua picha. Kisha sauti ikabadilika, ikawa na mwangwi, na Kabiru akajua amewekwa kwenye spika na chumba kizima kinasikia.

"Hii ni nini? Hii si ya sofa?"

"Ni ya TV, madam."

"Na ukifika zinawaka kwa nini?"

"Rahab akisikia honi yangu kwa kona anaitoa. Anaificha. Anasema mgeni hawezi kupata TV imefunikwa. Leo honi imekufa, ndio nikaipata."

Mtu mmoja ndani ya chumba alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Okay," Celestine alisema polepole. "Kwa hivyo ni huyo mama bado. Nani alimwambia afunike equipment?"

Kabiru aliangalia pikapu, akaangalia kuku waliofungwa, akaangalia kona ya josho ambapo alikuwa amepiga honi kwa mbwembwe mara zote zile. "Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilimwambia vumbi ni adui. Nikamwambia aiangalie kama TV ya sitting room. Amefanya vile niliambia yeye, madam, tena vizuri kuliko vile mimi hufanya kazi yangu. Hajagusa breaker hata siku moja. Kama kuna mtu wa kurudisha key, ni mimi."

"Kabiru. Kuna temperature sensor kwa hiyo cabinet. Mbona sijawahi kuona high temperature?"

Hili alikuwa ametumaini lingepita. "Niliichomoa."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inasema kuna joto."

Chumba cha Nakuru kikapasuka. Alisikia Makhanu, ambaye watu huapa kwamba hajawahi kucheka kazini, akiangua kicheko kirefu cha kulia machozi, na mtu akipiga meza, na kwa mbali Celestine akijaribu kusema kitu akashindwa, akajaribu tena. Kabiru alishika simu mbali na sikio akangoja waishe. Hawakuisha haraka.

"Rudisha sensor," Celestine alisema hatimaye, bado anapumua kwa shida. "Mwambie mama asifunike kitu. Na umwambie afungue hizo vitu amefunga, Jumatatu hakuna mtu anakuja. Wewe tutaongea."

Waliongea kweli, na maongezi yale Kabiru hapendi kuyasimulia, ingawa mengine yote anayasimulia. Kazi haikumponyoka. Jina ndilo lililomponyoka. Kufikia Ijumaa asubuhi hakuna aliyemwita Pastor tena. Alikuwa Kitambaa, na ni Kitambaa mpaka leo, hata kwa watu wa Molo ambao hawajui kisa. Alikwenda kumwomba msamaha mzee wa kabichi, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamtaka asaidie kubeba mabomba. Wariara aliposikia hadithi yote hakucheka. Alitaka tu kujua ule ukingo uliochongoka ulifumwa vipi.

Kitu kigumu kuliko vyote hakikuwa simu ile. Kilikuwa kurudi ndani ya kijumba siku hiyo na kumwambia Rahab kwamba kazi iko, lakini kitambaa hakitakiwi. Alifurahia ya kwanza mpaka akakaa chini. Ya pili aliipokea akikipapasa kitambaa kile magotini.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Si mbaya, mathe. Ni nzuri sana. Shida ni feni. Hiyo mashini inapumua kwa mbele, ukiifunika inakosa hewa."

"Kumbe ina feni," Rahab alisema. Alikwenda kuwafungua kuku.

Kabiru alirudi Ndabibi wiki chache baadaye, honi ikiwa imetengenezwa. Haikuwa fyuzi. Kwenye kona ya josho aliishusha sauti, akapiga kidogo tu, kama anayeomba ruhusa. Rektifaya zilikuwa uchi, safi, taa zote za kijani, na waya wa sensa umechomekwa mahali pake ukisema kweli. Hakuweka kiganja juu ya kitu chochote. Alipima alichopaswa kupima, akafunga mlango, akaelekea kibandani kwa Rahab kunywa chai, kwa sababu chai ya Ndabibi ukiikataa unakumbukwa vibaya.

Kiti cha mgeni kilikuwa kimewekwa mlangoni. Kilikuwa kimevaa. Waridi kwenye pembe zote, ukingo uliochongoka, wanga mpya. Kabiru alisimama mbele yake na kikombe mkononi, hajui pa kujiweka.

"Mathe, hii si ndio ile? Nitaichafua. Nguo zangu ziko na vumbi yote ya leo."

"Si ni ya vumbi," Rahab alisema. "Wewe huna feni. Keti."